Kwa nini Nick Dunlap alishinda bila kulipwa?

SWALI: Mwalimu, mwanangu anacheza gofu klabuni kwetu na ameniuliza jambo lililonishinda. Mwaka 2024 kijana Mmarekani, Nick Dunlap, alishinda mashindano ya PGA Tour, msururu mkuu wa gofu ya kulipwa Marekani, akiwa mwanafunzi, lakini fedha za mshindi akapewa aliyeshika nafasi ya pili. Je, hakuweza kujitangaza kuwa mchezaji wa kulipwa mara tu baada ya kushinda, akachukua haki yake?

JIBU: Hakuweza, ndugu mzazi, kwa sababu hadhi ya mchezaji huangaliwa tangu anapoanza mashindano. Dunlap, aliyekuwa na umri wa miaka 20 na akisoma Chuo Kikuu cha Alabama, aliingia katika The American Express huko La Quinta, California, kwa mwaliko wa waandaaji na akiwa mchezaji wa ridhaa, yaani asiyecheza kwa malipo, hivyo hakuwamo katika mgawo wa fedha hata kabla mpira wa kwanza haujapigwa. Raundi ya tatu aliimaliza kwa mikwaju 60, na Januari 21 akafunga hesabu kwa mikwaju 29 chini ya kiwango cha uwanja (par), mkwaju mmoja tu mbele ya Christiaan Bezuidenhout wa Afrika Kusini, ambaye ndiye aliyelipwa dola 1,512,000. Mchezaji wa ridhaa hakuwa ameshinda mashindano ya PGA Tour tangu Phil Mickelson mwaka 1991.

Kwa kanuni za R&A na USGA, vyombo viwili vinavyosimamia kanuni za gofu duniani, zilizoanza kutumika Januari 2022, mchezaji wa ridhaa haruhusiwi kupokea zawadi inayozidi dola 1,000 za Marekani au pauni 700; akizidisha, anapoteza hadhi hiyo. Kombe halihesabiwi.

Wengi humsikitikia kwa fedha zile, lakini kwa maoni yangu alichopata kilikuwa na thamani kubwa zaidi: ushindi ule ulimpa haki ya uanachama wa PGA Tour hadi mwisho wa mwaka 2026, nafasi ambayo wachezaji wazuri huihangaikia kwa miaka mingi na wengine wasiipate kamwe. Siku nne baadaye alitangaza kwamba anaingia katika gofu ya kulipwa. Uamuzi huo haukuwa wa pupa, kwani tayari alikuwa ametwaa ubingwa wa vijana wa Marekani mwaka 2021 na ule wa ridhaa mwaka 2023, mataji mawili ambayo kabla yake Tiger Woods peke yake ndiye aliyewahi kuyapata yote. Julai 2024 alishinda Barracuda Championship, safari hii akalipwa dola 720,000, na kuwa mchezaji wa kwanza kushinda mashindano ya PGA Tour akiwa wa ridhaa na wa kulipwa ndani ya mwaka mmoja.

Kuhusu mwanao, klabu zetu nazo zinafuata kanuni hizohizo. Katika mashindano yanayotumia hendikapu (mikwaju ya nafuu anayopewa mchezaji kulingana na uwezo wake) asipokee fedha taslimu kabisa, hata kidogo. Vocha au bidhaa isiyozidi kikomo inaruhusiwa. Udhamini wa vifaa na nauli, ambao zamani ulibanwa sana, sasa anaweza kuupokea bila kupoteza hadhi yake ya ridhaa.