Mitaa mitatu, korongo moja: kamati ya pamoja inaanzaje?

SWALI: Shikamoo mtaalam. Mimi ni katibu wa kamati ya mazingira ya mtaa wetu hapa Kigoma mjini. Tuko mitaa mitatu tunapitiwa na korongo moja linaloshuka mpaka ziwani. Mvua ikipiga, watu wa chini maji yanaingia mpaka vyumbani, wa juu wanasema haiwahusu, sisi wa katikati tunalaumiwa na pande zote. Mitaa miwili iko kata moja, wa tatu uko kata nyingine. Tunataka kuunda umoja, je tusajili NGO? Na hela za michango zikae wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana na hiyo hali. Nimefanya kazi ya maendeleo ya jamii huku kwetu miaka mingi na hii ishu ya korongo naijua vizuri, mana mji wetu wote umekaa kwenye mteremko na maji yote yanaelekea Ziwa Tanganyika, kwaiyo mtaa wa juu akilala fofofo mvua ikinyesha wa chini yeye anakesha na ndoo.

Kwanza NGO acheni. Hiyo inasajiliwa kwa sheria yake ya mwaka 2002, ina ripoti na ada, na nyie hamna shida ya kukosa cheti, mna shida ya kukosa makubaliano. Nguvu mnayo tayari ila hamjaitumia, nayo ni mkutano mkuu wa mtaa, ule wa wakazi wote wa miaka 18 na kuendelea. Kila mtaa uitishe wake, ajenda iwe moja na maneno yawe yaleyale kwenye mitaa yote mitatu, kwamba tunakubali kuwa na kamati ya pamoja ya korongo, tunachagua wajumbe hawa, wanaruhusiwa kufanya moja mbili tatu. Mtendaji wa mtaa aandike muhtasari, usainiwe, ugongwe muhuri, na mahudhurio yaambatanishwe. Hiyo mihtasari mitatu ukiishika mkononi hakuna ofisi itakayokuuliza "nyie ni kina nani". Wenyeviti walichaguliwa Novemba 27, 2024 kwa miaka mitano, mkiwahi mnafanya nao kazi muda wa kutosha kabla watu hawajabadilika.

Angalizo dogo hapa, watu wengi wanamtuma balozi wa nyumba kumi apitishe hili jambo na kuishia hapo. Balozi anasaidia sana kuita watu, mtumieni, lakini yeye ni kiongozi wa chama, uamuzi wake sio uamuzi wa mtaa.

Kuhusu kata mbili, usione ni mkosi, mimi naona ni bahati. Kila kata ina Kamati ya Maendeleo ya Kata na mwenyekiti wake ni diwani, kwaiyo jambo lenu litapanda kwa milango miwili na likifika Baraza la Madiwani linasemewa na madiwani wawili badala ya mmoja. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na bajeti inapangwa miezi mingi kabla, mkipeleka maombi mwezi wa sita mmechelewa, mtaambiwa subirini mwakani. Barabara za mjini na makalavati yake, yani njia za maji chini ya barabara, ni kazi ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, barua iende kwao na nakala halmashauri, muambatanishe picha za korongo likiwa limejaa.

Sasa hela. Hapa naomba unisikilize kwa makini mana nimeshuhudia umoja mzuri kabisa ukifa kwa sababu michango ilikuwa inatumwa kwenye simu ya mtu mmoja, yule mama wala hakuiba, alifiwa, simu ikawa inazimwa, watu wakaanza maneno, basi mpaka leo majirani wale hawasalimiani. Sajilini kikundi halmashauri kupitia afisa maendeleo ya jamii wa kata, mnahitaji katiba fupi, orodha ya wanachama na muhtasari, ukipata cheti mnafungua akaunti benki. Wasaini wawe watatu, mmoja kila mtaa, na pesa isitoke bila saini ya mtu wa mtaa wa chini. Kila mchango uwe na stakabadhi hata kama ni buku. Asiye na hela achangie siku ya kazi, iandikwe kwenye daftari lilelile, isionekane ni huruma.

Kwenye kazi yenyewe ndo wengi wanakosea. Mtaa wa chini wanajenga ukuta kujikinga, maji yanageuka yanaenda kwa jirani, ugomvi mpya. Msifanye hivyo. Anzeni kuzibua chini kwenye kalavati ili maji yawe na pa kutokea, alafu mkapande juu kupunguza kasi. Huko juu mnajenga vizuizi vya mawe kukatisha korongo, kimo nusu mita tu kinatosha, na katikati pawe chini kuliko pembeni ili maji yapite katikati, mkiweka sawasawa maji yatakula kingo na kizuizi kitabaki kimesimama peke yake huku maji yanapita pembeni. Kichwa cha kizuizi cha chini kiwe usawa mmoja na mguu wa kile cha juu yake. Fundi yeyote anapima usawa huo kwa mpira mwembamba uliojazwa maji. Mfano kama korongo linashuka mita 5 kwa kila mita 100, vizuizi vya nusu mita vinakaa kila baada ya mita 10. Kingo mpande majani yenye mizizi mirefu kama matete. Kazi yote ifanyike kiangazi, Juni mpaka Septemba, mana mvua zetu zikianza Oktoba au Novemba zinaenda mpaka Aprili au Mei hazina mapumziko marefu.

Na taka je? Kizuizi kikijaa viroba na nguo kuukuu hakina maana, kwaiyo kabla ya jiwe la kwanza mtaa wa juu wawe na sehemu ya kukusanyia taka. Ndo mana nakushauri mkutano wa kwanza wa pamoja mfanyie huko juu, sio kwenu. Watu wa chini wapande mlima, wakae, wasikilize kwanza. Wale wa juu nao wana kilio chao, korongo linakula viwanja vyao kidogo kidogo kila mwaka na hakuna aliyewahi kuwauliza. Wakiona vizuizi vinaokoa ardhi yao watabeba mawe wenyewe.

Pale linapomwagika ziwani msijenge kitu wala kumwaga udongo bila kumuona afisa mazingira wa manispaa, sheria ya mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ufukweni.

Mihtasari ikikamilika niandikie tena, unitajie upana wa korongo sehemu tatu, juu, katikati na pale kwenye kalavati, na maji yanafika kimo gani ukutani mvua ikiwa kubwa, ntakupigia hesabu ya mawe.