Kabla hujaunganisha Paybill na mfumo wa hesabu

Wafanyabiashara wengi wa hapa Kisumu wakitaka kuunganisha Paybill, yaani namba ya biashara ya kupokea malipo ya M-Pesa, na mfumo wao wa hesabu huuliza bei kwanza, halafu huuliza kazi itachukua muda gani. Wana haki ya kuuliza. Ila kwa miaka ambayo nimefanya kazi hii kati ya Kisumu, Luanda (ile ya Vihiga) na Busia, nimeona swali linalookoa pesa ni lingine: ujumbe wa malipo usipofika kwenye mfumo wako, nani atajua, na atajua lini?

Kufikisha ujumbe kutoka mfumo mmoja hadi mwingine si kazi ngumu siku hizi. Daraja, mlango ambao Safaricom iliwafungulia watengenezaji programu mwaka wa 2017 ili waunganishe mifumo yao na M-Pesa, una mazingira ya majaribio ambapo unaweza kujaribu malipo bila kugusa pesa za mtu. Kijana anayeijua kazi atakuonyesha malipo yakiingia kabla hujamaliza chai. Hapo ndipo wengi hupeana mikono na kulipana, na hapo ndipo mimi huomba tukae chini.

Chukua duka la jumla la vifaa vya ujenzi lenye ghala hapa mjini na matawi Luanda na Bondo. Lina mfumo wa kaunta, mfumo wa ghala, mfumo wa hesabu, Paybill, na eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi. Ukiunganisha kila mfumo na mwenzake moja kwa moja, mifumo mitano inaweza kukuzalia njia kumi, na kila njia ina nenosiri lake na namna yake ya kuharibika. Ndiyo maana nashauri jukwaa la katikati: kila mfumo unazungumza na jukwaa tu, na jukwaa ndilo linalotafsiri na kupeleka. Si lazima liwe la gharama. Apache Camel, kwa mfano, ni programu ya kuunganisha mifumo na haina ada ya leseni. Utakayemlipa ni mtu anayeielewa.

Ila jukwaa halitakuamulia nani mwenye neno la mwisho. Kabla ya kuandika mstari wowote wa programu, mwite mwenye duka, mhasibu na msimamizi wa ghala, muandike kwenye karatasi moja: bei inatoka wapi? Idadi ya mabati inatoka wapi? Deni la mteja linasomwa wapi? Mfumo wa ghala ukisema mifuko 40 ya simiti na wa kaunta ukisema 37, tunaamini upi? Nimeona mifumo miwili ikisahihishana usiku kucha, kila mmoja ukifuta bei ya mwenzake, kwa sababu hakuna aliyeambiwa kwamba wake ni wa kusoma tu. Karatasi hiyo iwekwe sahihi. Itawaepusha na ugomvi mwingi baadaye.

Sasa tuangalie malipo yenyewe, kwa sababu huko ndiko uchungu uliko. Mteja akilipa kwa Paybill, ujumbe unaokufikia una TransID, ambayo ni ile namba ya muamala iliyo kwenye SMS yake, kiasi cha pesa, saa, na BillRefNumber, yaani kile alichoandika kwenye nafasi ya akaunti. Hicho cha mwisho kinaandikwa na binadamu aliyesimama juani, simu mkono mmoja na mfuko wa misumari mkono mwingine. Akaunti yake ni KSM014. Ataandika ksm014, au KSM 014, au ataweka herufi O mahali pa sifuri. Mwingine ataandika OTIENO. Mwingine ataandika "mabati".

Kuna vitu mashine inaweza kurekebisha: ondoa nafasi, geuza herufi zote kuwa kubwa, badilisha O kuwa sifuri pale ambapo panapaswa kuwa na tarakimu. Zaidi ya hapo usiiruhusu ibahatishe. Malipo ya "mabati" yaingie kwenye akaunti ya muda ambayo mhasibu anaiona kila asubuhi, ampigie mteja, ayapeleke yanapostahili. Unaweza pia kuomba huduma ya uhakiki iwashwe, ili mfumo wako uulizwe kabla malipo hayajapita na uweze kukataa akaunti isiyokuwepo. Ukifanya hivyo, amua jambo moja kwa makini: seva yako isipopatikana, malipo yakubaliwe au yakataliwe? Daraja inakuachia uchague. Kwa duka, mimi huchagua yakubaliwe, kwa sababu pesa iliyoingia bila jina inatafutika, lakini mteja aliyekataliwa huvuka barabara akanunue kwa jirani.

Ujumbe unaweza pia kuja mara mbili, na hilo si kosa la mtu. Mfumo wa mbali ukituma na usisikie jibu, unaweza kutuma tena, na unafanya vizuri. Wajibu ni wa upande wako: TransID iwe ufunguo usioweza kurudiwa ndani ya hifadhidata, ujumbe wa pili ukifika ukute mwenzake keshaandikwa, ujibu "nimepokea" na usiongeze chochote. Tena pokea, andika, jibu, halafu ndipo ufanye kazi nyingine. Ukianza kutengeneza ankara, kupunguza stoki na kutuma SMS kabla ya kujibu, utachelewa, na ukichelewa utatumiwa tena.

Lile ombi la malipo ambalo keshia hulituma likajitokeza kwenye simu ya mteja lina hatari yake. Jibu likikawia, keshia hubonyeza tena. Mteja anaweka PIN mara mbili na kulipa mara mbili. Jukwaa lifunge kitufe hicho, liulize kwanza hali ya ombi la awali, na likipata jibu ndipo limruhusu kurudia. Jibu 0 ni kwamba amelipa. 1032 ni kwamba mteja ameghairi. Keshia asione namba hizo, aone Kiswahili: "Mteja ameghairi."

Kuhusu kurudia kutuma kutoka upande wako, tofautisha makosa kwa namba ya jibu unayorudishiwa. Ukijibiwa 503, upande wa pili umelemewa au umezimwa; subiri, jaribu tena, na kila mara subiri kwa muda mrefu zaidi. Ukijibiwa 400, ulichotuma kina kasoro, na hata ukirudia mpaka kesho jibu ni lile lile, mweleze mtu. Ukijibiwa 401, angalia tokeni, yaani kibali cha muda kinachoambatana na kila ombi, kwa sababu ile ya Daraja huisha baada ya saa moja.

Upande wa KRA, tangu tarehe 1 Januari 2024, kwa jumla gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi inapokokotolewa kodi ya mapato. Kwa hiyo mkandarasi akinunua simiti Luanda atataka ankara yenye PIN yake ya KRA. Ikaguliwe pale pale kaunta: herufi mbele, tarakimu tisa, herufi nyuma. Angalieni pia mnavyokokotoa VAT. Bidhaa tatu za shilingi 10.03 kila moja, kwa asilimia 16, zinatoa kodi ya 4.80 ukikokotoa mstari kwa mstari, na 4.81 ukikokotoa kwa jumla. Senti moja hiyo inatosha kumfanya mhasibu akeshe mwisho wa mwezi, basi mifumo yote ifuate njia moja.

Akaunti ya Daraja na barua pepe yake ziwe za biashara, siyo za fundi. Na namba za simu za wateja zisibaki zimetapakaa kwenye kumbukumbu za seva. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawahusu hata wenye maduka.

Hata ukifanya haya yote, stima itapotea Bondo na intaneti itakatika. Kwa hiyo kila asubuhi jukwaa lichukue taarifa ya miamala ya jana, liilinganishe na vitabu, na limpe mhasibu orodha ya tofauti tu. Siku isiyo na tofauti, litume ujumbe useme hivyo pia, maana kimya chaweza kumaanisha kwamba jukwaa lenyewe limezimika.

Na kabla hujamlipa fundi sehemu ya mwisho ya pesa zake, mwombe azime seva inayopokea malipo ukiwa umesimama hapo. Lipa shilingi kumi kwa Paybill yako. Ngojeni kidogo, aiwashe, kisha akuonyeshe ile kumi imeandikwa wapi na ni nani aliyeambiwa.