Kabla ya Kusaini Barua ya Ufadhili wa Uzamivu Marekani

Mwanafunzi aliyeomba nafasi ya shahada ya uzamivu katika vyuo vikuu vya Marekani kwa kawaida hupata majibu kati ya Februari na mwanzoni mwa Aprili, na wengi wetu tunaotoka Afrika Mashariki, tukishaona barua inayosema kwamba ada imesamehewa na posho itatolewa, hutaka kukubali siku hiyohiyo kabla neema haijageuka. Nami nilikuwa hivyo. Barua yangu ya kwanza ilinikuta Dar es Salaam, mama akawaita majirani, na kabla chai haijapoa nilikuwa nimekwisha kuandika rasimu ya kukubali. Kaka mmoja aliyekuwa mwaka wa nne wa masomo huko ndiye aliyenizuia kwa simu, akaniambia nihesabu kwanza. Ninayoyaandika hapa ni yale aliyonifundisha, pamoja na mengine niliyoyajua baada ya kuyagharimia mwenyewe.

Muda wa kuhesabu upo. Vyuo vikuu vingi vya Marekani vimetia saini azimio la Council of Graduate Schools, yaani umoja wa vyuo vinavyotoa shahada za juu, ambalo linasema kwamba mwanafunzi aliyeahidiwa ufadhili halazimiki kutoa jibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Chuo kikikutaka ujibu ndani ya wiki moja katikati ya Machi, tazama kama kimo katika orodha ya waliotia saini, kisha uombe kwa upole kwamba tarehe isogezwe. Si vyuo vyote vilivyosaini, kwa hiyo usidhani tu kwamba chako kimo.

Kosa kubwa ninaloliona kila mwaka ni kulinganisha tarakimu za mwaka mzima kama zilivyoandikwa kwenye barua. Mimi nilikuwa na barua mbili. Chuo cha kwanza, katika jiji kubwa la pwani, kiliniahidi dola 34,000 kwa mwaka. Cha pili, katika mji mdogo wa bara, dola 29,000. Mtu yeyote angechagua cha kwanza. Lakini cha kwanza kiliniachia nilipe mwenyewe bima ya afya, dola 2,400, na michango ya wanafunzi ambayo msamaha wa ada haukuihusu, dola 1,800. Zilizobaki zilikuwa 29,800, yaani chini kidogo ya dola 2,500 kwa mwezi, na chumba cha kupanga karibu na chuo kilikuwa dola 1,600. Chuo cha pili kililipa bima na michango yote. Posho yake ilikuwa kama dola 2,400 kwa mwezi na chumba kilikuwa dola 750. Kabla ya kodi ya mapato, jiji lingeniachia chini ya dola 900 za kula, kusafiri na kutuma nyumbani, na mji mdogo ungeniachia zaidi ya 1,600. Hesabu hiyo ilichukua jioni moja, nayo ilibadili miaka mitano ya maisha yangu.

Angalia pia posho ni ya miezi mingapi. Barua nyingi hutaja miezi tisa ya masomo, na miezi mitatu ya kiangazi huachwa bila neno lolote. Kodi ya pango haisimami mwezi Juni.

Halafu kuna kodi ya mapato. Posho ambayo hailipwi kwa kazi, kwa mwanafunzi wa viza ya F-1 ambaye bado hahesabiwi kuwa mkazi kwa ajili ya kodi, kwa kawaida hukatwa asilimia 14 isipokuwa nchi yake iwe na mkataba wa kodi unaomlinda. Tanzania na Kenya hazina mkataba huo na Marekani. Malipo ya kufundisha au ya utafiti hukatwa kama mshahara. Ongeza gharama za mwanzo: ada ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kuwafuatilia wanafunzi wa kigeni, ya dola 350, viza, nauli ya ndege, na dhamana ya nyumba. Nilifika katikati ya Agosti na malipo yangu ya kwanza yaliingia mwisho wa Septemba. Wiki hizo sita niliishi kwa mkopo wa mjomba, na sitaki mtu mwingine azipitie bila kujiandaa.

Usijifariji kwamba utaziba pengo kwa kibarua. Mwenye viza ya F-1 haruhusiwi kufanya kazi chuoni zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na nafasi ya kawaida ya usaidizi wa kufundisha mara nyingi huzimaliza saa hizo zote. Kazi ya nje ya chuo bila idhini inaweza kukupotezea viza. Mwenza wako akija kwa viza ya F-2, haruhusiwi kabisa kufanya kazi. Ndugu mwenye familia asome aya hii mara mbili, kwa sababu posho iliyopangwa kwa mtu mmoja ndiyo itakayolisha nyumba nzima.

Uliza fedha zinatoka wapi. Posho inayotoka katika ruzuku ya utafiti ya profesa mmoja hufuata hatima ya ruzuku hiyo. Mwaka 2025, serikali ya Marekani ilipositisha au kupunguza ruzuku nyingi za utafiti, vyuo kadhaa vilipunguza udahili, na baadhi vilifuta nafasi zilizokwisha kutolewa. Kwa hiyo mwulize mkurugenzi wa masomo wa idara: ruzuku ikiisha au profesa akihama, idara itanilipa kwa kazi ya kufundisha hadi mwaka wa ngapi? Kisha waulize wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne, kila mmoja kwa faragha, kama posho yao imewahi kukatika.

Sasa mazungumzo yenyewe. Kwetu, aliyepewa akaomba nyongeza huonekana hana shukrani, na najua woga huo ulivyo mzito. Kule barua za namna hiyo hupokelewa kila Machi, na sijaona chuo kikifuta nafasi kwa sababu mtu ameuliza kwa adabu. Mwandikie mkurugenzi wa masomo wa idara barua fupi: shukuru, eleza kwa nini programu hiyo inakufaa, ambatanisha barua ya chuo kingine kama unayo, onyesha pengo kwa tarakimu, na omba jambo moja au mawili yanayowezekana. Usitaje nafasi usiyokuwa nayo, kwa maana wataomba kuiona. Posho ya msingi mara nyingi haiguswi, hasa mahali ambapo chama cha wafanyakazi kimeipanga katika mkataba, kama katika University of California, ambako wafanyakazi wa taaluma wapatao 48,000 waligoma mwishoni mwa 2022. Kinachopatikana kwa urahisi zaidi ni fedha za mara moja za kuhamia, malipo ya kiangazi cha kwanza, au muhula usio na kazi ya kufundisha. Mimi niliomba dola 2,000 za kuhamia na muhula wa kwanza bila kufundisha. Nikapewa 1,500, na ombi la pili likakataliwa kwa maneno mema.

Ahadi yoyote ya simu au ya kwenye video iombe kwa maandishi kabla ya kukubali, ukitumia maneno kama, "Naomba kuthibitisha kwamba nimeelewa sawasawa." Ukishaamua, viandikie vyuo vingine siku hiyohiyo kwamba huendi, kwani nafasi yangu katika ule mji mdogo ilinifikia tarehe 9 Aprili, kutoka orodha ya wanaosubiri, kwa sababu kuna mtu nisiyemjua aliyeandika kwamba haendi.