Maswali ya Wasomaji: Dharura ya Akili Inapotokea, Aje Nani?

SWALI: Mhariri, nasikia kuna miji ya Marekani inayopeleka wataalamu wa afya badala ya polisi pale mtu anapopatwa na dharura ya akili. Timu hizo hufanyaje kazi, na je, wahudumu wasio na silaha huwa salama? Nauliza kwa sababu ndugu yangu anaugua skizofrenia, nami naiogopa siku nitakayolazimika kuwaita polisi nyumbani.

JIBU: Ndugu msomaji, hofu yako ina msingi. Mtu anayesikia sauti zisizosikiwa na wengine, au anayeamini kwamba anawindwa, huenda asiweze kutii amri ya ukali kwa upesi anaoutarajia askari, na kule kusita kwake kukachukuliwa kuwa ni ukaidi. Ugonjwa si kosa la jinai, na anayeugua anastahili kufikiwa kwanza na mtu aliyesomea kutibu.

Mfano ulio wazi ni wa Denver, ambako mpango uitwao STAR ulianza Juni 2020. Mtaalamu wa afya ya akili na mhudumu wa huduma ya kwanza hufika pamoja kwa gari la kawaida, huzungumza na mgonjwa kwa utulivu, na ikibidi humpeleka kliniki au mahali pa kujihifadhi. Katika miezi sita ya mwanzo walishughulikia miito 748, na hakuna hata mmoja uliomalizika kwa mtu kukamatwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa, katika maeneo yaliyohudumiwa, taarifa za makosa madogo ambayo mpango huo uliyalenga zilipungua kwa asilimia 34, bila dalili kwamba uhalifu wa kutumia nguvu uliongezeka.

Kuhusu usalama, mchujo huanzia kwa anayepokea simu. Panapotajwa silaha au shambulio, polisi ndio wanaotumwa. Palipo na huzuni kubwa, kuchanganyikiwa au ulevi usio na vurugu, hutumwa timu. Kwa hiyo timu nzuri haina faida kubwa ikiwa mpokea simu hakufunzwa, au akiwa na mazoea ya kupeleka kila jambo polisi.

Linalonisikitisha zaidi ni jinsi huduma hizi zinavyoachwa zitegemee mikataba na ruzuku za muda. Mjini Eugene, Oregon, mpango wa CAHOOTS, ulioendeshwa na kliniki ya White Bird kuanzia 1989 na ukawa kielelezo kwa miji mingi, ulisimama mjini humo Aprili 2025 baada ya matatizo ya fedha. Hakuna mji ambao ungekubali kikosi chake cha zimamoto kifungwe kwa namna hiyo. Albuquerque ilichagua njia ninayoiona kuwa bora: mwaka 2021 ilianzisha idara kamili ya usalama wa jamii, yenye hadhi sawa na polisi na zimamoto, na idara hiyo hupokea miito usiku na mchana.

SWALI: Kwa anayeishi Marekani, ni lini apige 988 na ni lini 911?

JIBU: Namba 988, iliyoanza kutumika Julai 2022, humuunganisha mpigaji na mshauri, na miito mingi hutatuliwa papo hapo kwa mazungumzo. Maisha yakiwa hatarini wakati huohuo, piga 911, namba ya dharura ya kuita polisi, zimamoto au gari la wagonjwa, na uulize waziwazi kama kuna timu ya dharura ya afya ya akili inayoweza kutumwa. Eleza unachokiona, usikisie: mgonjwa anafanya nini, ana silaha au hana, anatumia dawa gani, na kama ameacha kuzitumia. Taja pia jina analopenda kuitwa na mambo yanayomshtua, kama vile kelele au kuguswa ghafla, ili wahudumu wayajue kabla hawajamkaribia.