Kabla ya Kununua Prosesa Nyingine, Pima Waya

Kifaa changu cha kwanza cha gemu za zamani nilikiunganisha juu ya meza ya kulia chakula, huku Manyatta, Kisumu. Kilikuwa na ESP32, bodi ndogo yenye prosesa, na skrini ya inchi 2.8 inayoendeshwa na chipu ya ILI9341. Kiliwaka siku hiyo hiyo, nikajiona fundi. Ila mhusika wa gemu alipokimbia, alikwenda kwa kushtukashtuka kama matatu inayoishiwa mafuta pale Kondele. Mpwa wangu aliishika dakika mbili, akanirudishia: "Anko, hii inakwama."

Nikailaumu prosesa. Nikatafuta bodi nyingine, nikahamisha kila kitu, nikapoteza wikendi nzima. Ikakwama vile vile.

Ninyi mnaoanza, fanyeni kwanza hesabu ambayo mimi niliifanya mwisho. Skrini ile ina pikseli 320 kwa 240, na kila pikseli hubeba biti 16. Zidisha: picha moja kamili ni biti 1,228,800. Biti hizo zote hupita kwenye waya mmoja wa data wa SPI, njia inayounganisha prosesa na skrini, moja nyuma ya nyingine. Mimi SPI nilikuwa nimeiacha megahezi 20, yaani biti milioni 20 kwa sekunde, maana nikiipandisha picha inajaa vidoa. Milioni 20 ukigawa kwa 1,228,800 unapata 16 na ushei. Picha 16 kwa sekunde, ilhali gemu yenyewe iliundwa kwenda karibu 60! Nilikuwa na mpishi mwepesi na mhudumu mmoja mchovu: sahani za samaki zimerundikana kaunta, wateja wamenuna, nami nimeenda kuajiri mpishi wa pili.

Kwa hiyo pima sehemu mbili kando kando: muda wa emuleta (programu inayoiga mashine ya gemu ya zamani) kutengeneza picha, na muda wa kuituma kwenye skrini. Soma saa ya maikrosekunde kabla na baada ya kila moja, uchapishe tofauti. Ukitaka picha 60 kwa sekunde, bajeti yako ni milisekunde 16.7 kwa picha. Kwangu kutuma peke yake kulikula zaidi ya 60.

Halafu angalia nyaya. Zangu zilikuwa za jampa, zile za kuchomeka tu bila kuchomelea, sentimita 20 kila moja, zimesokotana kama nywele za asubuhi. Nilizikata hadi sentimita 5 nikazichomelea moja kwa moja, na waya wa ardhi nikaupitisha karibu na ule wa saa, unaopiga mapigo ya SPI. Vidoa vikaisha, megahezi 40 ikakubali. ESP32 hupata kasi zake kwa kugawa 80, ndiyo maana ukiomba 60 huipati. Kuna 80, 40, 26.7, 20 na kushuka. Hiyo 80 ingenipa picha 65 kwenye karatasi, lakini skrini yangu ilibadilisha rangi ikawa vurugu. Wala usiilaumu: karatasi ya maelezo ya ILI9341 huahidi takriban megahezi 10 tu za kuandikia. Zaidi ya hapo ni bahati ya skrini uliyopewa dukani. Ya rafiki yako ikikubali 80, hiyo ni yake.

Basi kwa 40 nilikuwa na picha 32. Zilizobaki nilizipata kwa kutuma kidogo, na hapa ndipo wengi hukaza shingo. Picha ya Game Boy ni pikseli 160 kwa 144, basi. Mara 16, mara 60, unapata biti milioni 22 kwa sekunde, na waya wa milioni 40 unazibeba bila jasho. Mimi nilikuwa nikiivuta picha ijaze skrini yote kwa sababu ya maringo, nikituma mara tatu na zaidi ya kinachohitajika. Iache katikati, na pembeni paka rangi nyeusi mara moja tu wakati wa kuwasha. Ya NES, mashine nyingine ya gemu ya zamani, ni 256 kwa 240, na 40 haitaitosha. Hapo tuma mistari iliyobadilika peke yake, au ruka kila picha ya pili. 30 zinazofika kwa mpangilio hutazamika vizuri kuliko 45 zinazokuja zikigongana.

Tumia DMA pia, sehemu ya chipu inayohamisha data yenyewe, ili isukume picha huku prosesa ikitengeneza inayofuata kwenye bafa ya pili, yaani nafasi nyingine ya memori. Kadi ya memori iwekee SPI yake, isigombanie njia na skrini.

Baada ya haya yote utaona mstari wa mshazari ukipita kwenye picha inayosogea, pale picha mpya inapokutana na ya zamani. ILI9341 huichora skrini upya mara 70 kwa sekunde usipobadilisha mipangilio yake, nayo hufuata urefu wa skrini hata ukiilaza, ndiyo maana mstari ni wa mshazari. Rejista ya B1, mpangilio wa kasi hiyo, baiti yake ya pili ukiipa thamani ya 1F inashuka hadi 61, karibu na 59.7 za Game Boy, na mstari unatambaa polepole badala ya kurukaruka. Kuuondoa kabisa kunahitaji pini ya TE, inayokuambia skrini imefika wapi kujichora, ambayo bodi nyekundu ya skrini yangu haikuitoa nje.

Kwa hiyo mstari bado upo. Mpwa wangu hauoni hata nikimwonyesha kwa kidole. Mimi siku hizi nauona hata kwenye TV ya kinyozi.