Jibu: Barazani naitwa msaliti kwa kukikosoa chama changu

Ndugu yangu, nimekuelewa. Hujahama chama, ila ulisema barazani, pale mnapokaa kuzungumza, kwamba ile sauti inayozunguka WhatsApp kuhusu wapinzani ni ya uongo, na sasa wenzako hapo Unguja wanakununia. Kwanza, usiache kwenda. Ukijifungia ndani watasema umeshahamia kule.

Ila badili namna ya kusema. Mbele ya baraza zima hakuna atakayekubali kuwa kakosea, na kwetu aibu ni kitu kizito. Mfuate faraghani yule wanayemsikiliza, muulize taratibu: "Hii sauti umeipata kwa nani?" Mwache ajibu mwenyewe. Na wapinzani nao wakizusha uongo, useme vilevile. Ukiunyamazia, lawama za wenzako zitakuwa na ukweli.

Wakidai kuzungumza na upande wa pili ni usaliti, wakumbushe Novemba 2009. Rais wa Zanzibar Amani Karume, wa CCM, na Maalim Seif, kiongozi wa upinzani wa CUF, walikutana Ikulu, na Julai 2010 Wazanzibari wakapiga kura ya maoni kukubali serikali ya umoja wa kitaifa. Wakati huo Karume alibaki CCM, Seif akabaki CUF.

Tahadhari moja: usiisambaze sauti hiyo, hata kwa nia ya kuikanusha. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu usambazaji wa taarifa za uongo. Ukitishwa au ukiitwa polisi, tafuta wakili kabla ya kuandika maelezo. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar hutoa msaada wa kisheria.