Taka za ukarabati wa nyumba: zipi hupokelewa kwenye dampo la taka zisizo hatarishi?

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba unakarabati nyumba ya zamani, na fundi wako amejaza kwenye Fuso moja kifusi, mbao, jipsamu za dari, makopo ya rangi na vipande vya paa la asbesto, ukataka kujua kama mzigo huo utapokelewa kwenye dampo la kisasa la halmashauri. Nimesimamia mizani ya dampo la aina hiyo hapa Tanzania kwa miaka sita. Mzigo ukifika ukiwa umechanganywa hivyo utarudishwa langoni, ingawa sehemu yake kubwa ingepokelewa iwapo ingetenganishwa.

Dampo hilo hupokea taka za majumbani, sokoni na maofisini, pamoja na taka za viwandani zisizo na sumu. Chini yake hushindiliwa udongo wa mfinyanzi na kutandikwa karatasi nene la plastiki, kisha hulazwa mabomba yanayopeleka maji meusi ya taka kwenye mabwawa, ambako bakteria huyasafisha. Bakteria hao humeng'enya mabaki ya maganda ya ndizi na matumbo ya samaki, lakini hawawezi kuimeng'enya risasi ya betri ya gari wala zebaki ya taa za mirija, na ndiyo maana vitu hivyo hukataliwa hata vikiwa vichache.

Vimiminika navyo hukataliwa, hata visivyo na sumu. Tumewahi kurudisha shehena ya maziwa yaliyoharibika, kwa sababu kimiminika huongeza uzito na kulainisha lundo. Watu wa Kampala wanalijua jambo hili kwa uchungu: tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, lundo la taka la Kiteezi liliporomokea makazi na kuua watu zaidi ya 30.

Sasa nirudi kwenye Fuso lako. Kifusi kisafi tunakifurahia, maana tunakitumia kutengeneza barabara za ndani ya dampo. Mbao zisizopakwa dawa hazina tatizo. Jipsamu ndiyo inayowadanganya wengi, kwa kuwa ikiwa peke yake haina madhara. Lakini ikifukiwa pamoja na taka zinazooza, mahali pasipo na hewa, bakteria huigeuza kuwa gesi yenye harufu ya mayai viza, ambayo ikizidi huua uwezo wa pua kuinusa kabla ya kumuua mtu mwenyewe. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinaagiza ifukiwe kwenye shimo lisiloingizwa taka zinazooza, nami naona huo ni utaratibu wa haki kwa wafanyakazi wanaoshinda juu ya lundo.

Msitegemee jina la taka peke yake. Asubuhi moja lililetwa gari la majivu ya tanuri la kiwanda, na hati zake zilionyesha kuwa ni taka isiyo hatarishi, jambo ambalo lilikuwa kweli. Nilipoweka kiganja karibu na kiroba cha chini nilihisi joto, na nyuzi zake zilikuwa zimeanza kuyeyuka. Dereva alilalamika sana nilipomrudisha, lakini majivu yale yangefukiwa yangewasha moto chini kwa chini, na moto wa namna hiyo huchukua wiki nyingi kuzimika.

Makopo ya rangi ya maji yafungue, uyaache yakauke kabisa, kisha uyalete. Rangi ya mafuta iliyo bado majimaji usiilete. Asbesto usiivunje wala kuikata: iloweshe maji, uifunge kwa nailoni nzito, na uwasiliane na ofisi ya kanda yako ya NEMC, taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira, ili upate msafirishaji mwenye kibali cha taka hatarishi. Mafundi wavae barakoa zinazozuia vumbi laini, kwa sababu kitambaa cha kawaida hakizuii nyuzi za asbesto.